Kisima Nilichokifuta kwa Raba

Nyambura, mami,

Mmeenda kanisani na mama yako kuombewa safari, na mimi nimesingizia mgongo ili nibaki. Mgongo hauna neno. Nimeketi kwenye meza ya kulia, pale penye alama ya pasi uliyoisahau ukiwa kidato cha pili, na begi lako liko mlangoni limefungwa kamba kama mbuzi wa kupelekwa sokoni. Mama yako ameshakueleza habari ya soksi, ya kutotoka nje na nywele mbichi, na ya kula hata kama chakula chao hakina chumvi. Yafuate hayo yote. Mimi sina la kuongeza huko, na ningekuwa nalo angelisahihisha.

Utashangaa kwamba nimekuandikia Kiswahili kitupu, sisi ambao hapa nyumbani, mtaani Landless, tunachanganya lugha mpaka mgeni anapotea. Kiingereza ndicho nilichodanganyia. Gikuyu ni lugha ya mama yangu, na nikiishika nitajikuta namtetea. Kiswahili ndicho tulichozungumza na watu wa ploti kule Mwihoko kabla hatujahamia Thika, na jambo lenyewe liliwapata wao.

Jambo lenyewe ni hili, nikuambie mapema usije ukadhani nazunguka. Ile Ramani ya Mwihoko, tasnifu yangu ya udaktari ambayo unaenda Ujerumani kuiendeleza, ina uongo. Si kosa la hesabu. Ni uongo, na niliuweka mwenyewe nikiwa na akili zangu timamu. Ile miruko ya ugonjwa isiyo na chanzo, unayoenda kuitafutia sababu kwa miaka mitatu, mimi najua sababu yake. Nimeijua tangu ukiwa na miaka tisa.

Sasa vumilia nianzie mbali kidogo, maana mwalimu wa fizikia hajui kuanzia mwisho.

Babu yako, baba yangu, alikuwa kibarua wa kunyunyiza dawa kwenye shamba la kahawa upande wa Ruiru. Alirudi nyumbani jioni na mikono ya buluu mpaka kwenye viwiko, kwa ule mrututu, dawa ya shaba waliyoichanganya kwenye mapipa. Mimi nilidhani kila baba ana mikono ya buluu. Nilipofika chuo kikuu na kuonyeshwa chupa ya mrututu kwenye maabara, nilitaka kulia, nikajifanya napiga chafya. Ndiyo maana nilichagua kazi ile. Wenzangu walikuwa wanakimbilia simu na kompyuta, mimi nikabaki na sahani ya maji ya buluu.

Wewe uliuona ule mti wa shaba ukiwa mdogo, jikoni, mama yako akigomba kwamba nimechukua sahani yake nzuri. Unakumbuka? Waya katikati, pete ya waya ukingoni, betri za tochi, na baada ya dakika chache kijiti chekundu kinachomoza, kinagawanyika, na vile vijitawi navyo vinagawanyika. Ukaniuliza, “Nani anauambia ugawanyike wapi?” Nikakujibu hakuna. Kila chembe ya shaba inatangatanga majini kama mlevi anayetafuta kwake, na pale inapojigonga ndipo inapolala. Kwa kuwa ncha za nje ndizo zilizotangulia, ndizo zinazonasa walevi wengi, na zinazidi kutangulia. Vitawi vya ndani vinakaa kivulini havipati kitu. Nikavunja kitawi kimoja nikakupa lenzi, ukaona kwamba kile kidogo kimefanana na mti mzima. Fraktali. Ulilitamka neno hilo shuleni, mwalimu wako akadhani umemtukana.

Nilitaka kujua kama ugonjwa nao unakua hivyo. Mwihoko ya wakati ule ilikuwa inaota nyumba kama uyoga. Leo ni shamba la mahindi, mwezi ujao ni vyumba kumi na viwili vya mabati, mwaka unaofuata ni gorofa. Mabomba yalikuwa yakitoa maji siku mbili kwa wiki, na mipira myeusi ilitambaa juu ya ardhi kutoka ploti hadi ploti. Taifodi ilikuwa haiishi. Nikaamua kila nyumba iwe nukta, na kila mahali wanapoteka maji pachorewe mstari. Nukta ya buluu ni nyumba isiyo na mgonjwa, nyekundu ni yenye mgonjwa. Kila wiki napita naongeza rangi. Kuna kiwango, mami, wewe unakijua kuliko mimi sasa, ambacho mistari ikipungua chini yake ugonjwa unajifia wenyewe, na ikizidi juu yake unashika mtaa mzima. Mimi nilitaka kukipata kile kiwango cha Mwihoko. Nilidhani nikikipata watu watapona.

Watu wenyewe walipoambiwa nasomea udaktari waliniletea vikohozi. Mzee mmoja alivua shati kabisa. Nikamwambia mimi ni wa fizikia, akaniuliza, “Sasa hiyo ni ya kuponya nini?”

Aliyenifungulia milango ni Mama Shiku.

Unamkumbuka kwa mikono yake, najua, maana kichwa chako kilikaa katikati ya magoti yake kila Jumapili mchana. Alisuka watu pale getini kwenye kibanda cha mabati ya kijani, na siku ambazo mama yako alikuwa zamu kiwandani na mimi darasani, ulikula kwake, ukalala kwake, ukapigwa na Shiku wake na ukampiga. Mimi mwenyewe watu hawakuniamini. Mtu anayepita na daftari anauliza maji unateka wapi, ni nani kama si mtu wa kukata maji? Mama Shiku akaniambia, “Mwalimu, wewe utaambiwa uongo mpaka uzeeke. Ngoja nikusindikize.” Akaacha kazi yake asubuhi nzima, akawa anagonga milango na kupaza sauti, “Fungueni, huyu ni wetu, si mtu wa stima!” Kila nyumba kwenye ramani ile iliingia kwa mlango aliougonga yeye.

Tulipofika chini ya mteremko, kwenye ploti ya shosho yako, mama yangu, akasimama. “Na kwa mamako? Kile kisima huandiki?”

“Pale hakuna wapangaji,” nikamwambia. “Na zaidi ya mama hakuna anayeteka maji ya kunywa pale.”

“Haya. Wewe ndiye mwalimu.”

Wakati ule sikuwa nadanganya. Nilikuwa nimeuliza watu wote wanateka wapi, na hakuna hata mmoja aliyekitaja kisima cha mama. Walinijibu kile nilichouliza. Mimi niliuliza siku za kawaida.

Kisha ikaanza miruko. Ugonjwa ungefifia upande mmoja, nukta zikarudi buluu, nikafurahi. Halafu nyekundu tatu nne zingetokea kwa pamoja mahali pengine kabisa, mbali, pasipo mstari hata mmoja wa kuzifikisha. Kama kitawi cha shaba kimeota katikati ya maji bila shina. Nilihangaika nayo miezi. Nilibadilisha hesabu, nililaumu nzi, nililaumu mwuza mboga.

Nikaja kuipata nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, matangani. Alikuwa amefariki mzee mmoja wa kanisa letu, na unajua kwetu jioni zote kabla ya mazishi watu wanakusanyika kwa mfiwa, wanaomba, wanakunywa chai, wanapanga kamati. Nikaona kiu. Nikaenda penye pipa, pale palipofungwa kikombe kwa kamba, nikachota nikanywa, na nilipokuwa narudisha kikombe nikaona mkono wa chokaa, alama aliyopaka mama kwenye mapipa yake. Lilikuwa pipa la mama. Nikamwuliza mama mmoja aliyekuwa anasuuza vikombe kama maji yametoka kule chini. Akanicheka. “Kwani msiba umewahi kupikiwa na maji ya wapi?”

Chai huchemshwa. Maji ya kunywa hayachemshwi, wala ya kusuuzia vikombe, wala ya kuoshea kachumbari. Nilienda nyumbani nikafungua daftari, nikaandika kila msiba niliokuwa naukumbuka, na pale nisipokumbuka nikamwuliza mama yako. Kila mruko ulifuata msiba. Kila mmoja. Watu walitoka ploti za mbali wakaja kulilia mtu wao, wakanywa, wakarudi na ugonjwa kwao. Juu ya kisima, kwenye mteremko, palikuwa na gorofa mpya na vyoo vyake vya shimo.

Nilifurahi, Nyambura. Naomba ulijue hilo. Kabla sijakumbuka kisima ni cha nani, nilisimama katikati ya chumba nikapiga makofi.

Nikaenda kwa mama kesho yake. Nakufasiria alivyosema, ingawa kwa Gikuyu yalikuwa mazito zaidi. Alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Nilimweleza yote, nikamchorea na mstari mchangani, nikamwambia tukifunge.

“Niwanyime maji watu waliofiwa?”

“Mama, maji yana choo ndani.”

“Baba yako alichimba kile kisima kwa mikono yake, ile mikono ya dawa. Mimi nimekunywa maji yake miaka yote. Unataka waseme nini? Nyambura anaua watu kwa maji, na aliyesema ni mwanawe wa kumzaa?”

“Hawatasema hivyo.”

“Wewe umeishi na watu wapi?” akasema, akarudi kwa maharagwe yake.

Wewe una jina lake. Ndiyo maana nimekuita mami tangu siku ya kwanza, kama inavyompasa mtu ambaye mtoto wake amebeba jina la mama. Na nakuambia ukweli, nilikuwa namwogopa. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, nafundisha chuo, na nilimwogopa kama mtoto aliyevunja chungu. Lakini si woga peke yake. Nilimwona akilini akiwa peke yake kanisani, benchi lake limehamwa, na nikashindwa. Wanasema damu nzito kuliko maji. Maji yale nayo yalikuwa na uzito wake, mimi ndiye niliyekataa kuyapima.

Nilikuwa nimeiweka nukta ya kisima kwa penseli, nambari arobaini na moja, na mistari yake yote ya misiba. Nikaifuta kwa raba. Ukiligeuza daftari upande wa dirisha utaona karatasi imechubuka pale.

Wiki ile ile akaja afisa wa afya kwa pikipiki. Alikuwa mtu mpole, kofia mkononi, na alikuwa amesikia kwamba kuna mwalimu amechora mtaa wote. Nikamkaribisha chai. Akaitazama ramani kwa makini kuliko watahini wangu wote walivyokuja kuitazama baadaye. Akaweka kidole chini ya mteremko. “Mwalimu, hapa pote hakuna kisima?”

“Hakuna cha kutajika,” nikasema.

Akaniamini. Kwa nini asiniamini? Akamaliza chai akashukuru, akaenda kuchunguza mabomba.

Nilijipa kitulizo, maana mwongo hakosi kitulizo. Niliamua kwamba kila Jumamosi nitaenda kwa mama kumwamkia, na akigeuka nitatia dawa ya klorini kisimani. Nilifanya hivyo, na miruko ikakoma. Unaona nilivyokuwa na uhakika? Nilikuwa na ushahidi mzuri kuliko wote: naweka dawa, ugonjwa unalala. Halafu ukaja wakati wa kutetea tasnifu, nikawa nalala maabara na mahesabu, Jumamosi moja ikapita, ya pili, ya tatu. Katikati ya Jumamosi hizo alifariki bibi mmoja wa ploti ya juu, na Mama Shiku akawa ndiye wa kusimamia sufuria.

Alianza kwa kichwa na homa. Akasema ni malaria, akanunua tembe dukani, akaendelea kusuka. Wewe ulirudi siku moja ukalalamika kwamba mikono yake ni moto na amekusuka vibaya. Nilipomwona mimi, alikuwa hawezi kusimama. Tulimpeleka hospitali na gari la jirani. Utumbo ulikuwa umeshatoboka. Alilala pale siku nne, na siku ya pili alipata nguvu kidogo akanitania kama kawaida yake.

“Mwalimu, sasa mimi niko red?”

“Utarudi buluu,” nikamwambia.

“Haki andika vizuri. Usiniache nje ya kitabu.”

Nikatoka nje nikasimama penye maua ya hospitali. Hata pale, mami, hata pale ningeweza kurudi ndani nikamwambia. Alikuwa na haki ya kujua alichokunywa. Nilirudi nikamshika mkono nikamwambia Shiku yuko salama kwetu.

Matanga yake yalikuwa pale pale kwenye ploti yetu. Siku ya kwanza jioni nilisimama mlangoni nikaona mkokoteni unapanda, na juu yake pipa lenye mkono wa chokaa. Wakaliteremsha penye kibanda chake cha kijani. Watu walikuwa wengi, alikuwa amesuka nusu ya Mwihoko. Nilisema nitasema. Nikaenda mpaka penye pipa, mdomo uko wazi, na mama yangu ameketi pale pale kati ya wanawake wa kanisa, ameshika kitambaa, analia kwa moyo wake wote kwa ajili ya rafiki yake. Nikajikwaa kwa makusudi. Nikaliangukia pipa kwa bega, likapinduka, maji yote yakaenda mchangani.

“Mwalimu! Kwani macho yako yako wapi?”

“Woi, muacheni, ni uchungu. Alimpenda kama dada.”

Nikasimama pale suruali imelowa, wanawake wananifuta kwa leso zao, wananipa pole. Wakati wananipa pole, vijana walikuwa wameshageuza mkokoteni kwenda kulijaza tena. Sikulipindua mara ya pili.

Sasa unajua yote, au karibu yote. Nilitetea tasnifu mwezi uliofuata. Ilibidi niieleze ile miruko kwa njia fulani, nikaitungia kanuni. Nikasema ugonjwa kwenye mitandao ya namna ile unaruka kwa kubahatisha, bila chanzo, na nikaonyesha hesabu ya jinsi unavyoruka. Ilikuwa hesabu nzuri. Uongo wangu ulikuwa maridadi kuliko kazi yangu yote ya kweli, na watahini wakauchagua huo huo kuusifu. Picha ya joho iliyoko sebuleni, ambayo mama yako huipangusa vumbi kila Jumamosi, ni ya siku hiyo.

Kisha ukaanza kusoma fizikia. Ulipokuja na ile tasnifu mkononi ukaniambia, “Baba, hii miruko lazima iwe na sababu, na mimi nitaitafuta,” nilijivuna na kuogopa kwa pamoja. Ulikuwa umeona kwa usomaji mmoja kile ambacho watahini watatu hawakukiona. Ningekuambia siku ile. Badala yake nikakununulia kompyuta.

Na mama alipofariki, wewe ndiye uliyesoma wasifu wake kaburini. Ukasoma kwa sauti yako nzuri, “Hakuwahi kumnyima mtu maji,” na watu wakaitikia amina. Mimi nilitazama viatu vyangu. Kisima sasa kimefukiwa, kuna gorofa juu yake na maduka chini, na maji ya bomba yamefika kila mlango. Ukweli ninaokuandikia hautamwokoa mtu yeyote. Umechelewa mno. Ungekuwa dawa, sasa ni habari tu.

Sina mawaidha. Baba wa namna yangu akianza mawaidha kuku watacheka. Naweza kukuambia tu nilichokiona. Nilidhani mtu anakuwa mbaya kwa kutenda mambo mabaya, na mimi siku zote nilikuwa natenda mambo mema: namheshimu mama, natia dawa, namlea Shiku likizo, nafundisha watoto wa watu. Niliyafanya yote hayo kuzunguka shimo moja dogo la raba. Na tena, niliwahi kudhani kwamba tabu ya utafiti ni kupata jibu. Jibu nililipata kwenye kikombe cha plastiki. Tabu ilikuwa kwamba jibu lilikuwa na jina la mama. Kama siku moja utapata jibu lako na ukasikia mwili unaingia baridi badala ya furaha, usiende nyumbani peke yako nalo. Mimi nilienda peke yangu.

Nilikuwa nimefikiria nikuandikie haya halafu nikuachie uamuzi: useme au unyamaze. Niliona hiyo ingekuwa heshima kwako. Juzi nikagundua kwamba ni pipa tena, najiangusha ili wengine wafute. Kwa hiyo jana asubuhi nilimwandikia profesa wako mwenyewe, na chuo changu, nikawaeleza yote kama nilivyokueleza wewe, na kwamba ulikuwa hujui. Profesa alijibu kabla ya saa sita. Ni mtu wa adabu. Anasema uende, mtakaa chini na wenzake, lakini hawezi kuahidi kwamba nafasi yako itabaki, maana walikupa kwa ajili ya kazi ile na kazi ile sasa haipo. Inawezekana utarudi kabla nguo zako hazijakauka mara ya kwanza. Chuo changu hakijajibu. Daftari nimelitia kati ya sweta zako mbili. Wape.

Mama yako nitamwambia kesho tukirudi kutoka uwanja wa ndege. Sijui kama Jumapili nitakuwa nalala hapa. Simngojei anisamehe, wala wewe sikungojei, na usijilazimishe kwa kuwa ni mimi ninayekulipia karo tangu chekechea. Nimekaa na jambo hili miaka mingi kiasi kwamba sijui kama chini yake bado kuna mtu wa kusamehewa.

Nilisema ni karibu yote. Limebaki moja, na hili wewe ulikuwepo.

Ile jioni ya matanga ya Mama Shiku ulikuwa na chupa yako ya njano. Tangu nilipokigundua kisima sikuwahi kukuacha uende popote Mwihoko bila maji niliyoyachemsha mwenyewe. Ulidhani ni kwa sababu ya koo lako. Shiku alikuwa amelia mchana kutwa, midomo imekauka, akaja akakuomba chupa. Ulikuwa umeshaifungua, umeshanyoosha mkono. Nikakuambia, “Funga, hayo yako hayatoshi. Shiku, nenda pale penye pipa.” Akaenda. Akaugua baada ya wiki mbili, akapona, akarudia darasa, na wewe ukatangulia. Ulinichukia kwa siku mbili kwa uchoyo ule, kisha ukasahau.

Leo mchana, mlipokuwa mnapima uzito wa begi, nilienda Mugutha kwenye saluni ya Shiku. Alikuwa peke yake, anafagia nywele. Akanivutia kiti, akaniambia, “Karibu Baba Nyambura, nimeshapanga, saa kumi na moja asubuhi nitakuwa kwenu kumsindikiza.” Nikamwambia yote, kuanzia kisima mpaka chupa. Hakulia. Aliniuliza kama mamake angepona, kama ningesema. Nikamwambia asingeugua.

Akafagia tena mahali palipokuwa safi. Kisha akauliza, “Na Nyambura anajua?”

“Bado.”

“Mwambie leo. Asipande ndege kama hajui.” Akanifungulia mlango. “Na umwambie kesho asiningoje.”

Baba